Babati: Mji unapolifuata shamba, pima kabla ya kuuza

MWAKA 2002 Mkoa wa Arusha ulipomegwa na kuzaliwa Mkoa wa Manyara, Babati ndiyo iliyofanywa makao makuu. Tangu hapo mji huo ulio kando ya Ziwa Babati umekuwa ukipanuka.

Zilikuja ofisi za mkoa, wakafuata watumishi waliohitaji nyumba za kupanga, kisha maduka na nyumba za wageni. Mwaka 2018 ilizinduliwa barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 93,108 katika Halmashauri ya Mji wa Babati. Ile ya 2022 ilihesabu 129,572.

Watu hao wanahitaji viwanja, na viwanja hutoka kwenye mashamba. Kata kama Bonga, Sigino na Mutuka zimo ndani ya mipaka ya mji, lakini zina wakulima wa mahindi na mbaazi.

Kwa mkulima, kishawishi cha kuuza ni kikubwa. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kuagiza mbaazi kutoka nje, bei ya zao hilo ilianguka. Aliyekwama na magunia ndani, akiwekewa fedha taslimu mezani, ni vigumu kukataa.

Hata hivyo, hesabu inataka utulivu. Ekari moja ni takribani mita za mraba 4,047. Ikitengwa robo kwa ajili ya barabara na huduma, hubaki kama mita 3,000, yaani viwanja sita vya mita za mraba 500. Anayeuza ekari nzima kwa bei ya shamba humwachia mnunuzi faida yote ya kuigeuza kuwa viwanja.

Anayepima kwanza, kwa kufuata mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, anaweza kuuza viwili au vitatu, kimoja akajenga vyumba vya kupangisha, na vingine akawaachia watoto. Gharama ya upimaji hupungua majirani wakichangia pamoja. Hati ikipatikana, inaweza kuwa dhamana ya mkopo benki.

Karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi wa makubaliano, lakini si hati. Nyumba ya familia nayo haiuzwi na mmoja: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzake.

Fedha za shamba zikishanunua pikipiki na kulipa madeni, msimu ujao hakuna pa kulima, na kiwanja mjini hakinunuliki tena. Ndiyo maana wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.