Benzi W124 kwa bei ya gari dogo: Haya ndiyo ya kuangalia kabla hujalipa

Unaperuzi simu usiku, mara tangazo linatokea. Mercedes-Benz 300E, nyeusi, viti vya ngozi, picha zimepigwa jioni ili rangi ing'ae. Maelezo ni mafupi: "Gari iko safi, ni kuweka mafuta tu na kuondoka." Bei? Sawa na ya gari dogo la kawaida kutoka Japani.

Hapo ndipo akiba ya miaka miwili ya mtu huanza kuwasha mfukoni.

Wengine wamenunua hivyo na leo wanaringa barabarani. Wengine gari limelala nyuma ya gereji, majani yamefika kwenye milango, na kila mwezi fundi anaomba hela ya spea nyingine. Tofauti ya hawa wawili mara nyingi si bahati. Ni nusu saa ya ukaguzi kabla ya kutoa pesa.

W124 ni gari gani?

Hilo ni jina la kiwandani la Benzi za saizi ya kati zilizoanza kutoka mwishoni mwa 1984. Saluni zake ziliuzwa hadi 1995. Mkuu wa ubunifu wa Mercedes wakati huo alikuwa Bruno Sacco, na gari hili liliuzwa zaidi ya milioni 2 duniani. Ujerumani kwenyewe lilikuwa teksi ya kawaida kabisa.

Huku kwetu lilikuwa habari nyingine. Benzi ilikuwa gari la vigogo, mpaka Afrika Mashariki ikapata neno "Wabenzi" kwa watu wa tabaka hilo. Heshima hiyo bado ipo, na ndiyo inayouza gari hili hadi leo.

Majina yasikuchanganye. Hadi katikati ya 1993 namba ilitangulia herufi: 200E, 230E, 260E, 300E. Baada ya hapo herufi ikatangulia: E200, E220, E280, E320. Za dizeli ni kama 250D na 300D.

Mbona bei iko chini?

Kwa sababu bei ya kununua imeshuka, lakini bei ya kulitunza haijashuka nayo. Injini yake bado ni ya gari la kifahari. Bushi, sensa na pampu zake bado ni za gari la kifahari. Muuzaji analijua hilo vizuri kuliko wewe.

Umri nao unachangia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 kwa sheria ya 2018. Tanzania inaruhusu, ila gari kuukuu hulipiwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri. Kwa hiyo W124 nyingi zinazouzwa tayari zimo nchini, na zimepita mikononi mwa watu kadhaa.

1. Anza na namba ya chesesi

Fungua boneti. Namba imegongwa kwenye bati la nyuma, upande wa kioo cha mbele. Kwa magari ya soko la Ulaya na Japani inaanza na WDB124, kisha tarakimu tatu za modeli. Kwa mfano, 300E ni 124030 na 230E ni 124023.

Tarakimu inayofuata baada ya hizo sita ina siri yake: 1 ni usukani wa kushoto, 2 ni wa kulia. Ukikuta 1 na usukani uko kulia, gari limegeuzwa. Uliza nani aligeuza na alifanyaje, maana usukani uliohamishwa vibaya unaweza kuua.

Linganisha namba hiyo na kadi ya gari. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, aga kwa heshima uondoke. Kwa Tanzania, ingiza pia namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi uone kama kuna faini za trafiki ambazo hazijalipwa.

2. Fika injini ikiwa ya baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Kama ni ya moto, huenda kuna kitu hataki ukione.

Liwashe mwenyewe, mtu mwingine asimame nyuma aangalie moshi:

- Moshi wa bluu unaotoka na kukata: sili za valvu zimechoka. Inatengenezeka, tumia kupunguza bei.
- Moshi mweupe usiokata hata injini ikipata moto: maji yanaingia kwenye silinda. Hapo unazungumzia gasketi ya silinda hedi.
- Ute mweupe kama maziwa kwenye kifuniko cha oili: nayo ni dalili ya maji kuchanganyika na oili.

Angalia pia geji ya oili kwenye dashibodi. Inasoma 0 hadi 3. Injini ya moto ikiwa imetulia inaweza kushuka, hilo ni kawaida. Lakini ukikanyaga mafuta kidogo, mshale lazima upande mpaka 3 mara moja. Ukijivuta, injini imechoka.

3. Lipeleke kwenye foleni

Wauzaji wengi hupenda ulijaribu kwenye barabara nyeupe, asubuhi. Wewe omba saa ya foleni.

Joto la kawaida hucheza kati ya 80 na 100. Likizidi kupanda gari likiwa limesimama, kisha likashuka ukianza kutembea, mara nyingi ni feni au rediata iliyoziba. Si tatizo kubwa likishikwa mapema. Likipuuzwa, linaua silinda hedi.

4. Sikiliza gia

Otomatiki nyingi za W124 zina gia nne. Usishtuke gari likianza kuondoka na gia ya pili ukikanyaga mafuta taratibu. Lilitengenezwa hivyo.

Cha kushtua ni gia ya kurudi nyuma. Ukiweka R, lishike ndani ya sekunde moja au mbili. Likisubiri, au likishika kwa kishindo, gia boksi linadai pesa.

5. Mtego wa 1992 hadi 1995

Hili ndilo kosa la gharama, na wengi hawalijui. Nyaya za injini kwenye magari mengi ya miaka hiyo, hasa E280, E320, E200 na E220, zilivalishwa plastiki isiyostahimili joto. Ikikaa miaka mingi inakauka, inapasuka kama udongo wa kiangazi, na nyaya zinagusana.

Dalili zake: injini inakosa, inazima ghafla, inagoma kuwaka. Mafundi hubadilisha plagi, koili, hata pampu ya mafuta, na tatizo liko pale pale. Mbaya zaidi, shoti inaweza kuunguza kompyuta ya injini.

Namna ya kukagua ni rahisi. Zima gari, tafuta mahali waya unapoingia kwenye soketi, sogeza kifuniko kidogo, uukunje taratibu. Ukimeguka, umepata jibu. Kama muuzaji anasema nyaya zilibadilishwa, aoneshe risiti au waya wenyewe.

6. Kutu haionekani kwenye picha

Modeli za mwisho wa miaka ya 80 kwenda mbele zina plastiki pana ubavuni. Nyuma yake unyevu hujificha. Kagua sehemu za kuwekea jeki, mapajani mwa bodi juu ya matairi, na chini ya zulia la sakafu.

Gari lililoishi karibu na bahari, iwe Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa, likaguliwe mara mbili. Bodi inaweza kupigwa rangi mpya juu ya kutu, na baada ya mvua za masika mapovu yanarudi.

Chini ya gari, mwombe fundi atikise boljointi za mbele. Ikichomoka ukiwa kwenye mwendo, tairi linalala. Hii si ya kusubiri mshahara ujao.

7. Kilomita usizibebe moyoni

Gia ndogo za plastiki kwenye kihesabu kilomita cha W124 hupasuka, na namba inasimama. Kwa hiyo "imetembea kilomita 140,000 tu" inaweza kuwa kilomita za siku ilipoharibika. Wakati unaendesha, angalia kama namba inasogea. Kisha tazama usukani, pedali na kiti cha dereva. Vilivyochakaa hadi kung'aa vinasema ukweli zaidi.

Hesabu ya mwezi

Chukulia unatembea kilomita 40 kwa siku, siku 26. Hiyo ni kilomita 1,040. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita litakula lita kama 69. 300E mjini, tukikadiria kilomita 7.5 kwa lita, itakula kama 139. Mara mbili. Zidisha kwa bei ya petroli ya leo uone kama mfuko unaitikia.

Bima nayo uiulizie mapema. Kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri huu. Ukibaki na bima ndogo, gari lako likigongeka kwa kosa lako, hasara ni yako.

Spea zipo, za mtumba na mpya, iwe Ilala Shauri Moyo au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Shida ni spea feki na fundi wa kubahatisha. Tafuta fundi anayezijua Benzi za zamani kabla hujatafuta gari, na umlipe yeye akague. Fundi wa muuzaji ni wa muuzaji.

Basi, ununue au uache?

Gawa akiba yako mara tatu. Mafungu mawili yanunue gari, moja libaki kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza: oili zote, maji ya rediata, mabomba ya mpira, bushi na matairi. Kama bei ya gari inakula mafungu yote matatu, gari hilo bado si lako.

Na kama ndilo litakalokuwa gari pekee la nyumbani, la kupeleka watoto shule na mgonjwa hospitali usiku, anza na lile dogo. W124 iliyotunzwa itakuwepo mwaka kesho. Iliyochoka pia itakuwepo, ikimsubiri mwingine asiyebeba fundi.