Kutoka Utukutu hadi Haki: Istilahi za Kiswahili na Mfanyakazi Mwenye ADHD nchini Uganda

1. Utangulizi

Makala haya yanajadili namna Kiswahili kinavyoitaja ADHD na athari za utajaji huo kwa mfanyakazi nchini Uganda. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kujitokeza kwa ugumu wa kudumisha umakini, kutotulia au kutenda kabla ya kutafakari. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa huwapata takriban asilimia 2.5 ya watu wazima. Utafiti uliofanywa Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2017 uliibaini kwa takriban asilimia 11 ya watoto waliohudhuria kliniki za neva na za akili. Kiwango hicho ni cha kliniki, si cha jamii nzima. Hata hivyo, kinathibitisha kwamba hali hii si jambo la ughaibuni.

2. Jina na hukumu

Katika mazungumzo ya kila siku, dalili za ADHD huitwa utukutu kwa mtoto na uzembe kwa mtu mzima. Maneno haya hayaelezi hali, yanatoa hukumu. Mfanyakazi anayeitwa mzembe hupewa barua ya onyo, hapewi msaada. Neno “ugonjwa” nalo halifai, kwa kuwa humfanya mwajiri asubiri mtu apone, ilhali kinachohitajika ni mpangilio tofauti wa kazi.

Kiswahili kimewahi kupita njia hii. “Zeruzeru” limepisha “mtu mwenye ualbino”, na “usonji” sasa ni istilahi iliyozoeleka. Vivyo hivyo, nomino kama kiziwi na kiwete, zenye umbo la ngeli ya KI-VI, zinazidi kuachia nafasi muundo wa “mtu mwenye”, unaomtenganisha mtu na hali yake. Kwa mantiki hiyo, makala haya yanapendekeza “hali ya tofauti ya umakini na utulivu” kwa ADHD, na “uanuwai wa neva” kwa dhana pana inayojumuisha pia usonji na ugumu mahususi wa kusoma. Istilahi hii ya pili inafuata mfano wa “bioanuwai”.

3. Sheria na tafsiri yake

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inauelezea ulemavu kuwa ni kizuizi kikubwa katika shughuli za kila siku, kinachotokana na kasoro ya mwili, akili au hisi pamoja na vikwazo vya mazingira. Haiitaji ADHD kwa jina, na si kila mwenye hali hiyo atakidhi fasili hiyo. Lakini kutajwa kwa mazingira kunafungua mlango.

Aidha, Uganda iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unahesabu kunyimwa marekebisho stahiki kuwa ni ubaguzi. Hapa mfasiri ana dhamana kubwa: akiandika “upendeleo” au “hisani” badala ya “marekebisho stahiki”, haki inageuka kuwa fadhila. Kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, suala hili si la nadharia tupu.

4. Mahali pa kazi

Marekebisho mengi hayana gharama kubwa: kuandika maagizo yaliyotolewa kwa mdomo, kugawa kazi kubwa katika hatua zenye tarehe za karibu, kutenga sehemu tulivu, na kupima matokeo badala ya muda wa kukaa mezani. Kwa kuwa wataalamu wa afya ya akili ni wachache, hatua hizi zisisubiri cheti cha daktari. Mwajiri anayehofia udanganyifu akumbuke kuwa maagizo yaliyoandikwa humfaa kila mfanyakazi.

5. Hitimisho

Inapendekezwa kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu usanifishaji wa istilahi hizi kwa kuwashirikisha wenye hali hizi wenyewe, kabla tafsiri za sera hazijaimarisha msamiati wa lawama.