Mkaa uliokolea hauna moshi, ila sumu unayo

Kila ifikapo Juni maswali ya wasomaji huwa yaleyale. Yanatoka Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya na Lushoto, na mengine ng'ambo ya mpaka, Limuru na Nyandarua. Baridi imeingia, watoto hawalali, na jiko limebaki na makaa baada ya ugali kuiva. Kuna ubaya gani kuliingiza chumbani limalizie joto lake huko? Wengi huongeza maneno ambayo sasa nayajua kwa moyo: "Mkaa wenyewe umeshakolea, hautoi moshi."

Simlaumu anayeuliza. Mama anayenunua mkaa kwa kopo hawezi kuutazama ukiteketea barazani bure wakati wanawe wanatetemeka ndani. Kutotupa kitu ndiko kunakoendesha nyumba nyingi za nyanda za juu. Ila hoja ya mkaa uliokolea ni ya uongo, na ndiyo inayoua watu wakiwa vitandani, mwaka baada ya mwaka.

Anayetaka kuona kwa macho yake aliweke jiko nje usiku, azime taa, achuchumae kulitazama. Juu ya makaa mekundu ataona ndimi ndogo za moto wa buluu, zinacheza na kupotea, zinatokea tena pembeni. Moto ule ni gesi ya kaboni monoksaidi inayoungua. Hewa inaingia chini ya jiko, oksijeni yake inakutana na mkaa unaowaka na kuwa kaboni dayoksaidi, ile tunayoitoa kila tunapopumua. Lakini safari haiishii hapo. Gesi hiyo inapopanda katikati ya makaa yenye joto kali inachukua kaboni nyingine, na molekuli moja ya kaboni dayoksaidi inageuka mbili za kaboni monoksaidi. Kwa hiyo hata jiko linalowaka vizuri kabisa linatengeneza sumu ndani yake mfululizo. Ikifika juu ikakuta hewa na joto la kutosha, sehemu kubwa inaungua, nasi tunaona ile buluu.

Sasa makaa yaanze kupoa, majivu yayafunike. Ndimi za buluu zinazimika, lakini chini ya majivu kazi inaendelea, na gesi inatoka bila kuungua. Na hiyo ndiyo saa jiko linapobebwa kuingizwa ndani, kwa sababu linaonekana limetulia.

Moshi ni kitu kingine. Ni chembe na mvuke wa lami uliobaki kwenye vipande visivyochomwa vikaiva tanuruni, na huisha mapema. Moshi unaudhi, unatoa machozi, unamfanya mtu atoke nje. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Moshi ukiisha, kinachokuwa kimeondoka ni onyo tu.

Wasomaji wameniletea kinga za kila namna. Beseni la maji kando ya jiko: gesi hii karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji, beseni litakaa hapo hadi asubuhi na sumu itabaki hewani. Chumvi juu ya mkaa: haibadilishi lolote katika niliyoeleza hapo juu. "Sisi tunalala kitandani, sumu inakaa sakafuni": uzito wa gesi hii unakaribiana sana na wa hewa, tena ni nyepesi kidogo, na hewa ya moto ya jiko inaipandisha, hivyo inachanganyika chumba kizima. Dirisha lililofunguliwa kidogo linapunguza, sikatai. Lakini upepo hubadilika usiku, pazia huziba, na mwenye baridi ataamka kulifunga. Hakuna jicho linaloweza kupima kama hewa iliyoingia inatosha.

Nije kwenye damu, sehemu ambayo kila nikiisoma upya inanishangaza.

Mwaka 1857 Mfaransa Claude Bernard alieleza kwamba gesi hii inaiondoa oksijeni kwenye damu na kukaa mahali pake. Tunajua sasa kwamba himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, inaishika kaboni monoksaidi kwa nguvu ya mara 200 hadi 250 kuliko inavyoishika oksijeni. Fanya hesabu mwenyewe. Asilimia 21 ya hewa ni oksijeni. Ikiwamo sehemu moja tu ya kaboni monoksaidi katika kila sehemu elfu za hewa, na mtu akaendelea kuivuta kwa saa kadhaa, takriban nusu ya himoglobini yake itakuwa imetekwa. Sehemu moja kwa elfu, na hakuna pua inayoweza kuisikia.

Hata hivyo, kupoteza nusu ya himoglobini peke yake kusingetosha kueleza mauti haya. Wapo wagonjwa wa upungufu wa damu waliobaki na nusu ya kiwango cha kawaida, na wanatembea wenyewe hadi zahanati, wamechoka lakini wana fahamu. Aliyetekwa nusu ya himoglobini na kaboni monoksaidi anaweza kuwa ameshazirai. Tofauti ni kwamba kila molekuli ya himoglobini ina nafasi nne, na gesi hii ikishika moja au mbili, umbo lote linabadilika, na oksijeni iliyomo kwenye nafasi zilizobaki inakazwa zaidi. Damu inafika kwenye ubongo na moyo ikiwa na oksijeni, lakini haiiachii, kama tajiri aliyesikia njaa inakuja akafunga ghala. Pigo ni mara mbili: mzigo umepungua, na uliopo haushushwi.

Kisha swali ambalo wengi huuliza kwa uchungu: kwa nini hawakuamka? Mtu aliyezibwa pua na mto hupapatika. Aliye ndani ya chumba chenye jiko halali kwa uzembe. Mwili una vipimo viwili vikubwa vya hatari ya pumzi. Kimoja hupima kaboni dayoksaidi ikizidi, na ndicho kinachotupa ile hamu kali ya kuvuta hewa. Kingine, kilichopo shingoni kwenye mishipa mikubwa, hupima oksijeni, lakini ile iliyoyeyuka kwenye majimaji ya damu, si ile iliyobebwa na himoglobini. Kaboni monoksaidi inateka himoglobini na kuiacha oksijeni iliyoyeyuka karibu ilivyokuwa. Mapafu yanaendelea kutoa kaboni dayoksaidi kama kawaida. Vipimo vyote viwili vinasoma salama huku ubongo ukikosa oksijeni. Usingizi wenyewe unakuwa mzito zaidi, basi.

Wachache huzinduka, wakajikuta kichwa kinapasuka na miguu haiwatii. Mskoti John Scott Haldane, aliyejivutisha gesi hii kwa makusudi mwaka 1895 ili aandike inavyomfanya, alishuhudia miguu ikilegea namna hiyo. Huku kwetu mtu akisimulia kwamba aliamka usiku akashindwa kuinuka, ataambiwa amekaliwa na jinamizi. Jinamizi la kawaida lipo, na madaktari wanalijua. Ni mwili kuchelewa kuzinduka baada ya akili. Lakini halishiki familia nzima usiku mmoja na kuwaamsha wote na kichefuchefu. Mganga anayepokea kuku na fedha kwa ajili ya nyumba hiyo, akafukiza ubani na kuirudisha familia kwenye chumba kilekile chenye jiko, anaipeleka kaburini. Nasema hivi bila kupunguza neno. Na wanaouza chupa za "kusafisha damu" kwa waliovuta gesi ya mkaa hawana hata ufahamu wa kitu wanachodai kukisafisha.

Maziwa nayo hayaondoi sumu hii. Sumu imeingia kwa mapafu na imeshikwa na damu; maziwa yanakwenda tumboni. Anayemnywesha mtu aliyelegea anaweza kumpalia, na hapo amemwongezea hatari ya pili.

Kuna desturi moja inayonitia hofu kuliko zote: mama aliyejifungua kuwekewa jiko la mkaa chini au kando ya kitanda, milango ikafungwa asipigwe na upepo. Mabibi zetu waliifanya kwa mapenzi, na joto kwa mzazi na kichanga ni jambo la lazima. Lakini kichanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo hujaza sumu upesi. Aliye tumboni ana himoglobini inayoishika gesi hii kwa nguvu zaidi, nayo humtoka polepole kuliko inavyomtoka mama, kwa hiyo mjamzito anaweza kuonekana amepona huku mtoto bado yumo hatarini. Joto la mtoto mchanga linapatikana kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu yao. Njia hiyo haigharimu shilingi.

Kuhusu ubanaji wa matumizi, kinachofaa kupashwa ni mwili, chumba kiache. Jiko likiwa bado nje na makaa yamo, bandika sufuria ya maji. Yakipata moto yatie kwenye chupa ya mpira au galoni ndogo imara, kaza kifuniko, zungushia taulo, weka miguuni chini ya blanketi. Kwa mtoto mdogo ipashe tu godoro kisha iondoe, asije akaungua. Ziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia, tandika mkeka na maboksi chini ya godoro, lazeni watoto pamoja na soksi na kofia. Makaa yaliyobaki yatie kwenye debe lenye mfuniko unaobana, hukohuko nje. Yakikosa hewa yatazima, na kesho asubuhi mtayawasha tena. Hiyo ndiyo akiba halisi, kwani jiko linalokesha chumbani linakula mkaa wa kesho. Jenereta nalo, linalotoa gesi hiyohiyo, lisiwekwe ndani wala barazani karibu na dirisha.

Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakiamka na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kutapika, wakapata nafuu wakitoka nje, msianze na dawa za malaria. Ukimkuta mtu amelala fofofo kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwanza, kisha ita msaada; Zimamoto na Uokoaji hapa Tanzania ni 114. Usikae ndani ukimpepea.

Mwelezeni mhudumu wa afya kuhusu jiko hata kama hakuuliza. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hutumia mwanga, na damu iliyoshika kaboni monoksaidi inakipita kwa rangi inayofanana mno na damu yenye oksijeni. Kinaweza kuonyesha 98 wakati mgonjwa anakufa. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka kwa saa nne hadi sita hivi. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa inayobana, muda huo hushuka hadi karibu saa moja au moja na nusu. Ndiyo maana hospitali haina mbadala, na mjamzito hubakizwa kwenye oksijeni muda mrefu zaidi hata akisema yuko mzima.

Akirudi nyumbani, mwangalieni kwa mwezi mmoja na zaidi. Baadhi ya walionusurika huwa wazima kwa siku au wiki kadhaa, kisha wanaanza kusahau, kubadilika tabia, kuyumba wakitembea au kujikojolea. Ni ubongo ulioathirika usiku ule, na dalili zimechelewa. Mrudisheni hospitali, mkataje jiko tena.