Fahamu: Kukata picha kunavyobadilisha habari

Januari 2022, foleni ya malori katika mpaka wa Malaba ilienea kilomita nyingi upande wa Kenya, madereva wakipinga masharti ya kupimwa Uviko-19 kabla ya kuingia Uganda. Foleni kama hiyo inaweza kuonekana ndefu au fupi kutegemea picha ilivyokatwa.

Ukubwa hupoteaje?
Jicho hupima kwa kulinganisha. Ondoa barabara tupu na anga, malori sita yatajaza fremu na kuonekana kama msururu usio na mwisho. Ondoa watu waliosimama kando, na urefu wa lori hautakuwa na kipimo.

Mpangilio je?
Kukata huamua nani awe katikati na nani aondoke. Januari 2020, shirika la habari la AP lilichapisha picha ya wanaharakati wa mazingira huko Davos, Uswisi. Vanessa Nakate wa Uganda, Mwafrika pekee kati ya wasichana watano, alikatwa. Shirika lilieleza kuwa mpiga picha alitaka kuondoa jengo lililokuwa nyuma yake, kisha likaomba radhi. Jengo liliondoka, na Afrika nayo ikaondoka.

Ufanye nini?
Kabla ya kusambaza picha ya mpakani, tafuta nyingine ya tukio hilohilo iliyopigwa kwa mbali. Kagua kingo: mkono au gari lililokatika ni dalili kuwa kuna kilichoachwa nje. Nawe ukikata, usimwondoe mtu ambaye habari inamhusu.