Mbwa Mkali na Mbwa Aliyefundishwa

Katika mageti mengi ya vitongoji vinavyoizunguka Dagoretti Corner, pale Barabara ya Naivasha inapochepuka kutoka Barabara ya Ngong magharibi mwa Nairobi, huonekana maneno mawili, "Mbwa Kali", ambayo mwalimu wa sarufi angeyasahihisha kwa kuongeza kiambishi cha ngeli, ilhali mtaalamu wa tabia za wanyama angeuliza swali zito zaidi: je, ukali unaotangazwa hapo ni kazi aliyofundishwa mbwa huyo, au ni woga wa mnyama anayefungiwa kibandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku tu? Wenye nyumba wengi hawaoni tofauti kati ya mambo hayo mawili, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba mafunzo ni anasa ya matajiri wa mtaa wa Karen, au kwamba yatamlainisha mbwa hadi ashindwe kulinda boma.

Kwa lugha ya kitaalamu, mafunzo ni utaratibu wa kujenga uhusiano thabiti kati ya ishara anayopewa mnyama, kitendo anachokifanya na matokeo yanayofuata, na msingi wake umo katika aina mbili za kujifunza. Ya kwanza ni kujifunza kwa kuhusisha, ambayo ilichunguzwa na Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula, alipobaini kwamba mbwa waliozoea kulishwa baada ya ishara fulani hudondokwa na mate waipatapo ishara hiyo hata kabla ya kuona chakula. Ya pili ni kujifunza kwa matokeo, iliyoelezwa na Wamarekani Edward Thorndike na, baadaye, B. F. Skinner: kitendo kinachomletea mnyama nafuu hurudiwa, kisichomletea chochote hufifia, na kile kinachokifanya kitendo kirudiwe huitwa kiimarisho.

Kiimarisho hakingoji mwenye mbwa akitoe. Mbwa aliye nyuma ya geti la Riruta au Kawangware humbwekea mwanafunzi anayepita, naye mwanafunzi huendelea na safari yake kama ambavyo angeendelea hata kusingekuwa na mbwa, lakini kwa mbwa hesabu ni nyingine: amebweka, mgeni ameondoka, basi kubweka kumefaa. Tukio hilo likijirudia makumi ya mara kwa siku, mwenye nyumba ambaye hajamfundisha mbwa wake lolote hugundua kwamba barabara imemfundisha kwa niaba yake, na imemfundisha vibaya, kwa kuwa mbwa anayembwekea kila apitaye hampi mwenyewe habari yoyote. Watu wa nyumbani humzoea, majirani wa ploti hulalamika, na usiku ambao mwizi atakuja kweli hakuna atakayeamka. Mbwa aliyefundishwa kubweka anapoona jambo lisilo la kawaida na kunyamaza aambiwapo ni mlinzi bora zaidi, maana mlio wake una maana.

Upo pia wakati ambao ukipotea haurudi kwa urahisi. John Paul Scott na John Fuller, katika utafiti wao mrefu uliochapishwa mwaka 1965, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi nyeti, takriban kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12, ambacho watu, wanyama na vitu anavyokutana navyo kwa utulivu huhesabiwa kuwa sehemu ya dunia ya kawaida, na vile asivyokutana navyo huweza kumtia hofu maisha yake yote. Hapa pana tatizo la kweli, kwa sababu ndicho kipindi ambacho chanjo zake hazijakamilika na virusi vya pavo huweza kudumu ardhini kwa miezi mingi, kwa hiyo kumtembeza chini ovyo ni hatari. Suluhisho ni rahisi kuliko linavyodhaniwa: abebwe mikononi, asimame na mlezi wake kando ya Barabara ya Naivasha kwa dakika chache, aone matatu, bodaboda, mkokoteni na watoto wa shule huku akipewa kipande kidogo cha mapafu yaliyochemshwa, kisha arudishwe nyumbani kabla hajachoka.

Faida ya mazoea hayo huvuka ua wa nyumba moja. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viunga vya Nairobi, na mkakati wa kitaifa uliozinduliwa mwaka 2014 unalenga kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huo kufikia mwaka 2030, lengo linalohitaji angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Mbwa ambaye hajawahi kushikwa shingo, kukaguliwa kinywa wala kufungwa kamba ni vigumu kumfikisha mbele ya sindano, hata pale ambapo chanjo ni ya bure, ilhali aliyezoezwa kuguswa humaliza kazi hiyo kwa sekunde chache.

Wanaopinga hoja hizi husema kwamba fimbo hufundisha haraka zaidi. Kipigo huweza kweli kukizima kitendo, lakini mara nyingi hukizima kile kinachoonekana tu: mbwa anayechapwa kwa kunguruma hujifunza kutonguruma, hofu yake ikabaki palepale, na siku atakayouma atauma bila onyo. Isitoshe, kumpiga mnyama kikatili ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.

Thamani ya mafunzo haikugunduliwa na maabara za Ulaya na Marekani pekee. Qurani, katika Sura ya Al-Maida aya ya 4, inaruhusu kuliwa kwa mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofundishwa, na wanazuoni wa fiqhi waliyajadili kwa kina masharti ya mbwa kuitwa aliyefundishwa, yakiwemo kwenda anapotumwa, kusimama anapozuiwa na kutokula alichokikamata. Masharti hayo yangetosha kuwa mtihani wa mbwa yeyote wa Dagoretti Corner, na sharti la kusimama ndilo linalowashinda wengi.

Kosa la kawaida nyumbani ni wingi wa lugha: mtoto husema "sit", nyanya husema "keti", soja wa usiku husema "kaa chini", na mbwa huitwa mjinga. Familia ichague neno moja kwa kila tendo, mazoezi yawe ya dakika tano mara mbili kwa siku kabla ya chakula, zawadi itolewe papo hapo, na neno "njoo" lisitumiwe kamwe kumwita mbwa ili aogeshwe au arudishwe kibandani. Kwa shughuli hizo, mwenyewe amfuate alipo.