Neno "Egregious": Sifa Iliyogeuka Lawama

Chukueni kalamu na daftari, maana neno letu la leo laweza kumkosesha mtu kazi. Liandikeni: egregious. Hutamkwa i-grii-jas, na mkazo uko penye grii.

Tuseme karani anamwandikia mkubwa wake barua ya Kiingereza, kumsifu mwenzake anayeomba kupandishwa cheo. Neno hili amelikuta katika kitabu cha zamani, na humo maana yake ni "mashuhuri". Basi anaandika: He is an egregious worker. Yeye adhani amesifu. Mkubwa anasoma kwamba mtu huyo ni mfanyakazi mbovu kupita kiasi. Cheo kimepotea, na karani hajui kwa nini.

Je, kitabu kilidanganya? La, hasha. Tazameni asili ya neno. Katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, grex ni kundi la kondoo au mbuzi, na ex ni "kutoka". Egregius, basi, ni yule atokezaye katika kundi. Mfugaji yeyote aelewa: kati ya mbuzi hamsini, yuko mmoja ambaye jicho humwona kwanza. Kwa Warumi hiyo ilikuwa sifa njema, na hata leo Mwitaliano aweza kuanza barua ya heshima kwa Egregio Signore, yaani Bwana Mheshimiwa.

Waingereza walilichukua neno hili katika karne ya 16, pamoja na sifa yake. Lakini kabla karne hiyo haijaisha lilikwisha kutumiwa kwa ubaya pia, yamkini kwa kejeli. Njia hiyo twaijua sana. Mtoto akivunja mtungi, mama husema, "Hongera, bingwa wangu!" na mtoto hahitaji mkalimani. Kejeli ikazoeleka, maana njema ikafifia. Shakespeare, katika mchezo wa Cymbeline wa yapata mwaka 1610, alimpa neno hili mtu anayejilaumu kuwa ni muuaji.

Hata hivyo lile kundi bado limo ndani ya neno. Ubaya wa egregious ni ubaya unaotokeza, ambao kila mtu auona. Karani akikosea herufi moja, hilo ni kosa tu. Mhasibu akiendelea miaka mitatu kumlipa mshahara mtu aliyekufa, hilo ndilo egregious error. Msilitumie kwa kila kosa dogo, litaisha makali.

Kutoka grex yametoka pia gregarious, yaani mwenye kupenda kukaa na watu, na segregation, kule kutenga watu, kama shule na hospitali za Kenya zilivyotengwa kwa rangi wakati wa ukoloni.

Na yule karani? Angeandika outstanding. Nalo maana yake ni "mwenye kutokeza", ila limebaki sifa.

Kabla ya somo lijalo, andikeni sentensi mbili: moja yenye outstanding, na moja yenye egregious. Kisha msomeeni mwenzenu, aseme nani amesifiwa na nani amelaumiwa.