Gari la kwanza limesimama, la pili je?

Wakazi wa Tegeta, Bunju, Mtoni na Mbagala wanaijua vizuri hali hii. Mtu anafika kwenye kivuko cha pundamilia, gari la njia ya kwanza linasimama, dereva anampungia mkono apite. Anaanza kuvuka. Kumbe njia ya pili inakuja daladala au bodaboda ambayo haijamwona, maana gari lililosimama limemkinga.

Baada ya ajali kama hiyo, neno linalosikika ni moja: uzembe. Ni kweli, lakini neno hilo peke yake halituelezi kwa nini uzembe unajirudia kila siku.

Tuanze na mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 80 ni mita 22. Dereva anahitaji kama sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, hivyo mita hizo zimekwisha kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Akiwa anasoma ujumbe kwenye simu, sekunde zinaongezeka.

Kwa nini akimbize gari? Madereva wengi wa daladala wanatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba naye hivyo hivyo. Foleni ikimchelewesha, anaifidia kwa kutanua, kuchomekea na kugombea abiria kituoni. Abiria nao humhimiza: "Suka, twende, tumechelewa!"

Kwenye bodaboda kuna jambo la kofia ngumu. Abiria huikataa kwa sababu ya jasho, nywele, au kwa kuwa "naenda hapo tu". Utafiti uliokusanya matokeo ya nchi mbalimbali unaonyesha kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, na ya kufa kwa asilimia 42. Lakini kofia isiyofungwa mkanda huweza kuruka pikipiki inapoanguka. Mshikaki wa watu watatu wenye kofia moja haina haja ya kuueleza.

Habari njema ni kwamba barabara yenyewe inaweza kubadili tabia. Hapa Dar es Salaam, shirika la Amend liliboresha maeneo ya shule kwa njia za waenda kwa miguu, matuta na vivuko. Mwendo wa magari ukapungua, na majeruhi wakapungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji kutoka taasisi ya WRI.

Wakati mtaa wako unasubiri tuta lake, fanya haya:

Unapovuka, simama usawa wa mwisho wa gari lililokupisha, chungulia njia ya pili, ndipo uendelee. Mfundishe na mtoto.

Wewe dereva, ukiona gari limesimama mbele ya pundamilia, usilipite. Halijaharibika; kuna mtu mbele yake.

Na wewe abiria, funga mkanda wa kofia, na mwambie suka apunguze mwendo. Nauli uliyolipa ni ya kukufikisha.